Mganga wa Kikosi Alitoka Mghange

Kwa miaka kadhaa, sauti niliyoijua kuliko zote duniani ilikuwa ya mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Ilinijia masikioni kila Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimefunga mlango wa saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, hapa Voi, feni ikipiga kelele juu ya kichwa na jasho likinitiririka hadi kwenye visikizi. Yeye alikuwa Mghange, juu milimani, amejifunika shuka, maana huko ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Mimi nikimlalamikia jua, yeye akinilalamikia baridi, na tukimaliza kulalamika tunaingia vitani.

Vita vyenyewe vilikuwa vya mchezo wa mtandaoni. Watu kumi, kila mmoja kwenye kompyuta yake popote alipo, huvamia ngome kwa pamoja, na ndani kabisa ya ngome kuna dude kubwa ambalo wachezaji huliita bosi. Kulishinda tu hakutoshi. Vikosi vya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam vilikuwa vikilifukuzia dude hilohilo, na sifa zilikuwa za kikosi kitakacholiangusha kwanza. Kikosi chetu nilikiongoza mimi. Sikuchaguliwa na mtu. Siku moja nilianza kupiga kelele, wengine wakanyamaza, basi ikawa hivyo.

Sikuwa kiongozi mpole. Mtu akikosea nilimtaja hapohapo, wote wakisikia. Aliyepata sehemu kubwa ya makelele yangu ni jamaa wa Taveta, muuza ndizi, ambaye ndiye aliyekuwa ngao yetu, yaani yule anayesimama mbele apigwe yeye ili sisi tupate nafasi ya kupiga. Mtu mwenye moyo, hilo simnyimi. Lakini alikaa karibu sana na mpaka, na simu iliyompa mtandao ilikuwa na tabia ya kuhamia Tanzania katikati ya vita. Ghafla ngao imesimama kama gogo, bosi anatupita, sote tunakufa. Dakika chache baadaye unamsikia, "Mkuu, nisamehe, network ilikuwa imevuka boda." Nilimjibu maneno yasiyofaa siku ya Bwana.

Aliyenituliza ni mganga, yaani yule mwanamke wa Mghange. Kazi ya mganga kikosini ni kukaa nyuma na kuwaponya wengine wanapoumia, na watu wengi huikimbia kwa sababu haina sifa. Yeye aliitaka. Kazini kwake alikuwa mtu wa kilimo, akizunguka mashambani kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupandikiza avokado, na nadhani huko ndiko alikopata ule uvumilivu.

"Kamanda," aliniambia mara moja nikiwa nimefoka, "hizo hasira zako siwezi kuziponya. Hiyo dawa sikupewa."

Wote walicheka, nami nikacheka, na jamaa wa Taveta akapumua. Vita vikipamba moto mganga alijisahau akaanza kusema Kidawida, lugha ya kwetu, nami nikamjibu kwa Kidawida, huku wa Taveta akilia kwamba anasengenywa.

Wengine wakishaondoka, sisi wawili tulibaki tukizungumza. Mwanzoni tulijadili makosa ya siku hiyo. Baadaye tulizungumzia mvua, mahubiri, ndovu walioingia tena mashambani huku bondeni, mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyejiona. Nilijua jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Nilijua anapotabasamu, maana sauti yake ilibadilika. Sina haja ya kuzunguka mbuyu: nilimpenda. Wiki nzima nilikuwa nikipiga kopi na kuwajazia watu fomu zao huku nikiingoja Jumapili.

Basi ikafika hatua tukawa tumebakiza bosi tu. Kikosi kimoja cha Nairobi nacho kilikuwa kimefika palepale, kwa hiyo tulijua ni sasa au tusahau. Mganga akaniambia mtandao wa kwao umeharibika, mnara una matatizo, heri ateremke Voi acheze kutoka kwenye saiba yangu.

Nilijifanya nafikiria. "Njoo," nikasema, "maana ukipotea katikati ya vita tumekwisha." Moyo ulikuwa ukinidunda hadi nikaogopa kinasa sauti kitaupeleka Mghange. Niliamua kwamba siku hiyo, tushinde tusishinde, nitamwambia.

Nilipiga saiba deki hadi chini ya meza ambako hakuna mteja anayetazama. Nilimwambia mama yangu kuna mtu nataka amwone. Mama alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu nilipoota ndevu. Alikuja na leso yake ya harusini na sufuria ya kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa vizuri, kwa sababu kwake mgeni wa maana hali chapati za dukani.

Mganga alipofika mlangoni na kusema "Kamanda?" nilijikuta nimefumba macho ili niwe na hakika ni yeye. Nilipoyafumbua nilimwona mwanamke mfupi aliyevaa gauni la kijani, mwenye mwanya, akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka aibu yake. Alinipendeza kuliko yule niliyekuwa nimemchora kichwani. Nilimkaribisha, nikamkabidhi kwa mama, nikaenda kuchomeka nyaya.

Mama alimpakulia, kisha akaanza. Sisi Wadawida hatumwulizi mgeni habari nyingine kabla hatujamwuliza ukoo wake. Kwenu Mghange ni upande gani? Baba yako ni nani? Na yeye ni wa nani? Mganga alijibu kwa adabu, akila, nami nilisikiliza nikitabasamu peke yangu nyuma ya mashine. Kisha nikasikia mama anauliza jina la babu yake mara ya pili. Nikasikia sahani ikiwekwa chini.

"Huyo babu yako," mama akasema, "si alikuwa na ndugu yake aliyeteremka kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge?"

"Ndiyo, mama. Tunaambiwa alishuka, akaoa hukuhuku, hakurudi tena."

"Huyo ndiye baba mkwe wangu."

Kwetu, watu wakiwa wametoka kwa mzee mmoja karibu hivyo, ni kichuku kimoja, na kichuku hakioani. Hakuna wa kumlilia. Mama alisimama, akamkumbatia mganga, akamwita mwanangu, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kanisani. Kisha akanigeukia.

"Umesikia? Huyu ni dada yako." Alinitazama machoni hadi alipohakikisha nimeelewa.

"Nimesikia, mama."

La kuvunda halina ubani. Nilijua silaha za mwanamke yule, mavazi yake ya vitani, dawa anayoitumia kwanza na ile anayoiweka akiba. Swali ambalo mtoto yeyote wa Kidawida hufundishwa kumwuliza mtu asiyemjua, mimi sikumwuliza, kwa sababu nilidhani namjua. Mganga alikuwa akicheka na mama. Kisha akainamia chakula chake, na sikuuona uso wake.

Saa ya vita ikafika, na kikosi hakina habari na mambo ya ukoo. Tulikaa meza moja, yeye kushoto kwangu. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipumua bila visikizi. Sikupiga kelele hata kidogo, hadi jamaa wa Taveta akauliza kama mkuu ni mgonjwa. Tulikwenda vizuri. Bosi alikuwa amebakiza uhai kidogo tu alipotema moto, ukanipiga mimi na ngao kwa pamoja. Mganga alikuwa na nguvu za kumponya mtu mmoja.

"Mponye ngao," nikasema.

"Na wewe?"

"Niache mimi."

Aliniacha. Nililala kwenye sakafu ya ngome nikiwatazama wenzangu wakimaliza kazi, na wa Taveta, Mungu ambariki, siku hiyo hakuvuka mpaka. Bosi alianguka kabla Nairobi hawajamgusa. Visikizi vilijaa vifijo, mama akapiga vigelegele bila kujua nani kamwua nani, na mganga akaruka kutoka kitini akanikumbatia. "Kaka yangu! Tumeshinda!" Nilikuwa nimeota mikono hiyo kwa muda mrefu sana, na ilinijia na jina hilo.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi niliendelea. Wenzetu walianza kuchoka. Huyu amepata mtoto, yule amepata uhamisho, vijana wa Nairobi wametuzidi vifaa. Kila waliposema tuvunje kikosi niliwashambulia kwa hotuba za heshima ya kaunti. Heshima gani? Nilitaka kusikia ile sauti. Ilinitosha, na haikunitosha. Aliniuliza, "Kaka, umekula?" nami nikajibu nimekula, hata siku ambazo sikuwa nimekula.

Mwaka huu alituambia anaolewa. Bwana ni wa Wundanyi, mwalimu, na watu wanamsifu. Mama amekwisha kuniambia kwamba wageni wa upande wa bwana wakija kuzungumzia mahari nitakaa na wazee wetu, kwa kuwa baba yake mganga hana mtoto wa kiume na mimi ndiye kaka niliye karibu. Jumapili hiyo aliyotuambia tulicheza vibaya sana. Wengine wakaaga mmoja mmoja, yeye akabaki. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Kaka, kuna kitu nataka kukwambia, kisha nisikirudie tena."

"Sema."

"Ile siku nilikuja Voi. Network ya kwetu haikuwa na shida yoyote."

Upepo ulikuwa ukigonga mabati ya saiba. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa ya mtu mwingine, yule niliyekuwa kabla mama hajaweka sahani chini. Hadi wakati huo sikuwa nimewahi kumwita dada. Nilikuwa nimelikwepa jina hilo kwa kumwita mganga, kwa kumwita wewe, kwa kutomwita chochote.

"Asante kwa kuniambia, dada," nikasema. Kisha nikamwuliza hao wageni watafika saa ngapi.