Barakoa ya Mke Mwenzangu

Pumu nilianza mimi katika nyumba ile. Hilo nataka lijulikane. Nilikuja Mandawa kuolewa ninayo tayari kifuani, na mke mwenzangu alipoletwa kutoka Nambambo alikuwa mzima, anakoroma tu. Pumu yake ilimjia uzeeni, na uzeeni huohuo akapewa mashine.

Mwanawe alimpeleka Dar kupimwa. Wakasema mbali na pumu, koo lake linaziba akilala, basi alale na mashine ya kumsukumia hewa. Mimi nilipokwenda zahanati kuulizia yangu nikaambiwa, "Bibi, wewe una pumu tu, endelea na pampu yako ya kuvuta." Pumu tu! Miaka yote ile, tu.

Mashine yenyewe ndogo kama redio, ina mpira mrefu na barakoa ya kubana pua na mdomo. Lakini kilichoniuma, nisidanganye, ni mzee. Mume wetu yule, kifua changu kikianza kupiga filimbi, alikuwa anabeba mkeka wake anahamia barazani. Sasa ikifika zamu yangu anapiga miayo, "Kule kwa mwenzio kuna kimlio kizuri, kinaleta usingizi." Kimlio! Na changu kilikuwa cha fisi?

Ikafika miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Ule unga wa njano ukimwingia mwenye pumu, ataomba kufa. Kila mwaka nilijifunga kanga puani. Mwaka ule nikasema hapana, kitu cha kuhemea kimo ndani humu. Mwenzangu alikuwa kisimani. Nikaichomoa barakoa kwenye mpira wake, nikaenda nayo shambani kuwasimamia wapulizaji. Shule niliishia darasa la pili, ningejuaje kwamba bila mashine yake ile ni tundu tupu? Salfa ikaingia yote. Nikarudi nakohoa, nikaipangusa kwa kanga ileile ya shambani, nikairudisha.

Alipoivaa kulala, mashine ikamsukumia ule unga. Alivuta pampu yake, haikutosha. Wakampakia kwenye bodaboda, mzee kamshika kwa nyuma, mpaka hospitali Ruangwa.

Kesho yake mzee akaja kuchukua nguo. Akasema mgonjwa anapumua, ila mashine inarudi Dar, ni ya kuua watu. Nikafurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikasonga ugali wa muhogo, nikala nikashiba. Wakati wa kuosha sufuria ndipo ikanijia: akilala bila mashine koo litaziba, na atakuwa amekufa kwa mkono wangu. Nikapanda gari nikamfuata, nikamweleza palepale kitandani.

Akanitazama sana. "Dada, ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Sasa?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, wagonjwa wa jirani wakageuka. Nikamwambia, "Mwambie mzee mashine haina kosa."

"Mwambie mwenyewe. Na usimwambie nusu, nakujua."

Mzee alikuwa kwenye benchi pale nje. Nilimwambia yote, hata ule ugali. Barakoa nyingine ikaletwa, mashine ikabaki, na mzee akabaki nayo, hata zamu zangu.