Kisigino Changu na Nafasi ya Nane

Siku ya kwanza kazini Msimamizi wa Viwanja aliniambia nivue viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi vya shemeji yangu, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, kwa sababu mke wangu Nomsa aliniambia chuoni watu huangalia viatu kwanza. Yule mzee, Kaburu wa miraba minne, aliviangalia kweli. Kisha akaelekeza kidole kwenye goli la mbali.

"Vua. Nenda mpaka kule, urudi, uniambie umeona nini."

Nikaenda, nikarudi. "Nimeona nyasi, bosi."

"Sikutuma macho. Nimetuma miguu. Rudi tena."

Safari ya tatu nilimwambia kwamba katikati ardhi ni ngumu kama barabara, lakini mbele ya goli la kaskazini ni laini na baridi, kama kuna maji yamelala chini. Hakunisifu. Akanipa mabuti ya mpira na reki, nikajua nimepata kazi. Nimeifanya miaka ishirini na tisa.

Shule niliishia darasa la nne, nasema wazi. Kwetu Morogoro nilikuwa nafyeka kwenye shamba la mkonge. Nomsa alikuwa mkimbizi kutoka huku Afrika Kusini, tukaoana kule, na watu wake waliporuhusiwa kurudi nikamfuata Johannesburg. Ndugu zake wa mtaa wa Bertrams walinipokea kama begi ambalo dada yao amesahau kuliacha njiani. Leo hao hao wakitaka nyasi za mbele ya nyumba ziote vizuri, wananiita mimi.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya viwanja mna mashine nzuri. Sisi tulikuwa na uma. Uma wa kutoboa una meno yenye tundu ndani. Unaukanyaga, unaingia ardhini, unatoka na kinyesi cha udongo kama cha mbuzi, na pale palipotoboka hewa inaingia. Nyasi zetu ni za aina ya kikuyu. Majira ya baridi zinalala, uwanja mzima unakuwa rangi ya ganda la mkate, na mgeni atadhani zimekufa. Usizimwagie maji kwa huruma, ziache zilale. Mistari tulichora kwa rangi, kamba imevutwa kwanza, kwa sababu chokaa humchoma mchezaji akianguka.

Sasa kisigino. Mvua ikinyesha, mtunza uwanja ndiye anayeulizwa kama mechi ichezwe. Unaweka kisigino, unakilalia kwa uzito wako wote, unahesabu mpaka kumi, unanyanyua. Alama ikijaa maji, haufai. Ikibaki na unyevu tu, unafaa. Unafanya hivyo sehemu sita, na goli la kaskazini ndiyo ya mwisho kwa sababu ndilo jeuri. Kisha unajaza ripoti ya uwanja, karatasi yenye visanduku viwili, UNAFAA na HAUFAI. Unatia alama ya mkasi, yaani X, katika kimoja. Kwa karatasi hiyo, mimi wa darasa la nne, nilikuwa na sauti kuliko profesa.

Lakini jambo ninalotaka kuandika ni lile la nafasi ya nane, ambalo mpaka leo linanizungusha kichwa.

Ligi ya vyuo ikiisha kuna mashindano ya kufunga msimu. Vyuo vinane vinakwenda. Saba vinaingia kwa pointi, jambo ambalo hata mimi naweza kulihesabu. Cha nane kinachaguliwa na watu watano waliokaa chumbani. Kwa nini wasihesabu tu mpaka nane? Nimewauliza watu wenye digrii mbili mbili, kila mmoja akanieleza vizuri sana, na hakuna aliyeeleza kama mwenzake.

Mwaka huo timu yetu ilikuwa nzuri. Nahodha alikuwa kipa, Lungile, kijana mrefu wa Soweto aliyekuwa mwaka wa mwisho. Watu wa klabu kubwa wanaotafuta wachezaji hawaji kwenye ligi ya vyuo. Wanakuja kwenye yale mashindano tu. Kwa hiyo Lungile alikuwa na wiki moja ya kuonekana maishani mwake, na tulibakiwa na mechi moja, nyumbani, na timu iliyokuwa mkiani. Sare tu ingetutosha kuwa wa saba.

Saa tisa ikaja mvua ya mawe. Mnaijua mvua ya mji huu, inakuja kama mtu aliyetukanwa. Saa tisa na nusu ikakatika, na mwamuzi, mtu mfupi mwenye haraka, akanifuata.

"Mzee, unasemaje?"

Nikakanyaga sehemu sita. Goli la kaskazini maji yalinifika juu ya soli. Nikatia mkasi kwenye HAUFAI. Mwamuzi akapuliza filimbi, wageni wakapanda basi, na kabla ya saa kumi wakawa wamevuka robot ya getini, taa za kuongozea magari, wakaenda zao.

Kanuni ilisema isubiriwe saa nzima, uwanja upimwe mara ya pili, ndipo mechi ifutwe. Mwamuzi hakusubiri. Na mimi, niliyeijua kanuni hiyo kama jina langu, sikumwambia asubiri. Banda langu la mashine lilikuwa limetobolewa na mawe, nikakimbilia huko. Nikiwa bandani jua likatoka kali, lami ikafuka moshi. Nililiona. Sikwenda kukanyaga tena. Nilishasema neno langu, na nilikuwa najivunia neno langu.

Siku ya kurudia mechi haikuwepo. Jumapili, Kocha akaja nyumbani na barua iliyokwisha kuchapwa. Nomsa akaisoma kwa sauti: mimi, mtunza uwanja, saa kumi na nusu nilipima tena nikakuta uwanja unafaa. Maana yake wageni walikimbia mechi, na sisi tunapewa pointi tatu.

"Ulipima tena?" Nomsa akaniuliza kwa Kiswahili, Kocha asielewe.

"Sikupima."

"Basi anataka nini huyu?"

Binti yetu Kiswahili anakisikia, ila kujibu ni kwa Kiingereza tu. Akasema, baba, weka sahihi, kila mtu aliona jua.

"Jua hata mimi nililiona," nikamwambia. "Uwanja sikuukanyaga."

Kocha akaiacha barua mezani, akaiwekea kikombe juu isipeperuke. Kesho yake asubuhi Lungile alinikuta nakunja nyavu. Hawa vijana waliniita Madala, yaani mzee. Akashika upande wa pili wa wavu, tukakunja pamoja.

"Madala, ulikosea?"

"Saa tisa na nusu sikukosea."

"Na saa kumi na nusu?"

Nikaendelea kukunja.

"Huenda uwanja ulikuwa unafaa," akasema. "Huenda hiyo barua ni kweli tupu. Madala, mimi sina mwaka mwingine."

Nisingeumia kama angenitukana. Ndiyo, huenda ilikuwa kweli! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kukataa kusaini uongo ni rahisi. Sasa hii siijui kama ni uongo, nifanyeje nayo?

Barua nikaiacha bila sahihi, nikaenda mwenyewe mbele ya ile kamati ya watu watano, na mabuti yangu. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Pembeni yake alikaa bwana mmoja na kompyuta.

"Mashine inawaweka nyinyi wa tisa," akasema bwana wa kompyuta.

"Kwa mechi zipi?"

"Zote, mzee."

"Hata ile isiyochezwa?"

"Ile tumeikadiria."

"Mmekadiria tumeshinda au tumefungwa?"

Akatazama kioo chake. "Zaidi kidogo ya nusu ya ushindi."

Nimeona mechi nyingi. Sijaona watu wakishangilia nusu ya ushindi. Nikauliza nani basi ni wa nane, akakitaja chuo ambacho tulikifunga nyumbani, tukakifunga na kwao. Akasema wao wamecheza na timu ngumu zaidi. Nikamwambia, ndiyo, wamecheza na sisi mara mbili. Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwingine akasema chuo kile kina mashabiki wengi na watu wa televisheni wameshauliza habari zake. Sikuelewa hilo linahusianaje na mpira, na nadhani hata yeye alitamani asingelisema.

Mwenyekiti akanyoosha mkono wakanyamaza. "Mzee, ukituambia uwanja ulifaa, pointi tatu ni zenu na nyinyi ni wa saba. Saa kumi na nusu ulifaa au haukufaa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikukanyaga."

"Ukikisia?"

"Mimi sikisii, bwana. Anayekisia ni huyo na mashine yake."

Walicheka wote, hata wa kompyuta. Kisha wakakichagua kile chuo kingine.

Kocha hakunisalimia tena mpaka alipohama. Mkurugenzi wa Michezo aliniambia, "Wewe ni mtu mwaminifu sana," kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake ana ugonjwa. Na sikilizeni hii: kile chuo cha nafasi ya nane, tulichokifunga mara mbili, kilikwenda kikachukua kombe. Sasa kamati ilikosea au ilipatia? Mashine ilijua kitu? Au sisi ndio tungelichukua? Nimeligeuza jambo hili kila upande kama godoro, na kila upande nikilala linaniuma.

Lungile hakuitwa na klabu yoyote. Ana duka la vioo vya magari Malvern, kwenye barabara ya Jules, na biashara anaijua. Nikipita ng'ambo ananipigia kelele, wateja wanageuka.

"Madala! Unafaa au haufai?"

"Vaa mabuti uje tupime!" namjibu.

Tunacheka. Siku moja nilivuka, nikamuuliza bila mzaha kama ana kinyongo na mimi. Akatundika kitambaa cha kufutia vioo.

"Eish, Madala. Siku nyingine nasema ulinifungia mlango. Siku nyingine nasema mle chumbani ni wewe tu uliyesema unachokijua. Inategemea nimeamkaje."

"Leo umeamkaje?"

"Leo nimeamka salama. Kaa, tunywe chai."

Wiki yangu ya mwisho kazini mvua ya mawe ilirudi, saa ile ile ya tisa. Hakukuwa na mechi. Ilipokatika nilikanyaga goli la kaskazini, maji yakajaa. Nikakaa kwenye ndoo nikiangalia saa yangu ya mkononi, jua likatoka, saa nzima ikapita. Nikakanyaga tena. Nikahesabu kumi. Nikanyanyua.

Unyevu tu. Hakuna maji.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye buti. Basi ulifaa, nikasema, nilimnyima yule kijana. Kisha nikakumbuka kwamba majira mawili ya baridi yaliyopita tulifukua pale pale tukaweka mabomba mapya ya kutolea maji. Ule haukuwa tena uwanja wa siku ile. Hata ardhi yenyewe ilikataa kunijibu. Msimamizi mpya, binti mwenye diploma ya nyasi, alinikuta nimesimama mguu mmoja mbele. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia napima.

Nikampa uma wangu, yeye ana mashine lakini aliupokea kwa mikono miwili. Na hili nililomwambia nawaambia na nyinyi. Kanyaga sehemu sita. Hesabu kumi, usiibe hata moja. Halafu kaa chini usubiri saa nzima, hata kama mwamuzi ana haraka, hata kama basi la wageni limewasha injini na banda lako linavuja. Kanyaga tena. Iko siku utaitwa mbele ya watu watano wakuulize ya saa ile ya pili, na kijana wa watu atakuwa anangoja nje. Uwe na jibu. Mimi niliulizwa, na mngeniuliza leo, pamoja na miaka ishirini na tisa ya mabuti, ningewajibu kama nilivyowajibu wale: sijui, sikukanyaga.