Dom, Neno la Mke wa Shemeji

Majina ya wote ninayo kichwani, hata ya ng'ombe, lakini hapa sitataja mtu. Mimi nilizaliwa Migori nikaolewa kisiwani Rusinga, na shule niliacha mapema. Kwa hivyo neno hili nalieleza vile nililielewa, na sikulielewa vizuri.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameenda kusoma Urusi. Asubuhi moja, bila kutuambia, akashuka kwa mashua na mke Mzungu. Simba yake, ile nyumba ya kijana aliyoijenga karibu na lango, mchwa walishaimaliza.

Yule bibi akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa mama mkwe, akaweka sanduku chini, akacheka: "Dom!"

"Anasema nini?" mama mkwe akaniuliza, kana kwamba Migori tunaongea Kirusi.

"Nyumba," shemeji akajibu. "Ama nyumbani. Hata boma."

Tukaangaliana. Kwa lugha yetu nyumba ni ot, boma ni dala, na hakuna anayechanganya. Tena mke wa mwana haruhusiwi kulala kwa nyumba ya mama mkwe. Ni chira, mkosi unaomaliza watoto. Sasa huyu anasalimia boma, ama anataka kitanda? Kumfukuza ni aibu. Kumwingiza ndiyo mbaya zaidi. Na alale wapi?

"Mama, kwao ni neno moja," shemeji akasema. "Warusi, Wapolandi, majirani wao wengi wanalo. Mwalimu alituambia limetoka zamani sana, kwa neno la kujenga."

"Kujenga?" Mama mkwe akafunga leso kiunoni. "Basi mbona umesimama? Jenga!"

Wanaume wakakata miti, sisi wanawake tukakanyaga udongo. Yule bibi akavua viatu, akaingia matopeni na soksi. Tulicheka mpaka mama mkwe akakaa chini.

Jioni nyumba ilikuwa imesimama, kuta bado mbichi. Mama mkwe akaleta moto kwa kigae. Mzungu akaupokea, akasimama mlangoni akiangalia ziwa, akasema polepole, "Dom." Machozi yanamtoka.

"Nyar Migori," mama mkwe akaninong'oneza, akiniita binti wa Migori kama kawaida yake, "hiyo sasa ni gani? Hii ya hapa, ama ya kwao?"

Mpaka leo sijui. Lakini usiku huo yule bibi alilala kwake.