Kibubu Kilichomsema Mama

Juzi nilikuwa kwa fundi wa redio mtaa wa Kamunyonge, nasubiri simu yangu, akaingia mama mmoja amebana kibubu cha mbao kwapani, mkono mwingine kiunoni.

"Fundi, kidude chako kimeniaibisha. Kiondolee hiyo sauti."

Fundi huyu amebuni kibubu cha kuwafundisha watoto kuweka akiba kwa lengo. Mtoto anarekodi mwenyewe anachowekea pesa, na kibubu kikitikiswa au kupinduliwa, kinayasema hayo kwa sauti ya mtoto huyo.

"Kwani ulikipindua, mama?"

"Nilikiinamisha kidogo tu! Wageni wamejaa, soda hazitoshi, nikaingia chumbani kwa mwanangu na kisu." Akatuonyesha kwa kidole jinsi ncha ya kisu inavyovuta noti tunduni. Kidole kilikuwa na uzoefu. "Kikapiga kelele mpaka sebuleni: 'Mama, hizo ni za baiskeli!'"

"Kumbe mtoto alishakujua."

"Mimi nakopaga tu!"

"Sasa unataka kisemeje?"

"Kiseme, 'Karibu, mama.'"

"Hapo kitakuwa pochi yako," fundi akajibu, akarudi kwenye simu yangu.

Tunahimizana watoto wafundishwe akiba. Huyu wa baiskeli amefaulu. Anayerudia darasa ni mzazi.

Mama akasonya, akapanda bodaboda kwenda Bweri, kibubu mapajani. Shimo la kwanza tu, hapo hapo mbele ya fundi, kikaanza: "Mama, hizo ni za baiskeli!" Shimo la pili, kikarudia.

Dereva akasimamisha pikipiki, akageuka.

"Samahani, mama. Nauli yangu utalipa kwa pesa zipi?"