Nilisema ni Wangu Tu

Msomaji huyu ameomba tusitaje jina lake, na majina ya watoto tumeyabadilisha. Someni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, na ninafanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Nina mtoto mmoja, Kibet, wa miaka mitano. Ninaandika kwa sababu kuna mtu ananishukuru karibu kila siku, na shukrani zake zimeanza kuninyima usingizi.

Kibet alichelewa kuongea. Alifika miaka mitatu akiwa na "mma" na kidole cha kuonyesha, basi. Mama mkwe wangu kule Moiben alisema ulimi umefungwa, akatwe kidogo chini. Mume wangu alisema hata yeye alichelewa, niache haraka. Kanisani watu walimsalimia mtoto, akinyamaza wananiangalia mimi.

Mtu mmoja tu ndiye alinielewa. Ni jirani yangu kwa ploti tunayopanga, Mama Nafula, kwao ni upande wa Bungoma, bwana yake anafanya kazi reli. Binti yake Nafula amemzidi Kibet miezi michache tu, na yeye pia hakuwa anaongea. Tulizunguka shule zote za nasari za mjini pamoja. Kila mahali jibu lilikuwa moja: mleteni akishajua kuongea. Mwalimu mmoja hata alituuliza kama hawa watoto wana masikio. Tulipotoka hapo Mama Nafula alinunua hindi la kuchoma, akanikatia nusu, akasema siku moja hawa wawili watatuchosha na maneno.

Ni yeye aliyesikia habari ya nasari ya kanisa upande wa Kapseret. Kuna mwalimu huko aliyesomea Nairobi kufundisha watoto kuongea. Anachukua wachache, anakaa na kila mmoja mbele ya kioo, anamwonyesha vile midomo inafungwa na kufunguka. Tulipanga kwenda Jumatatu. Jumamosi akapata habari kwamba babake amefariki, ikabidi asafiri na Nafula. Nilipomsindikiza steji ya basi aliniambia, "Mama Kibet, wewe nenda tu. Ukimtaja wako, mtaje na wangu."

Nilienda. Mwalimu alicheza mpira na Kibet sakafuni, akamtazama mdomoni, akaniambia hakuna kitu cha kukatwa. Nililia hapo mbele yake. Kisha akasema amebaki na nafasi moja. Akaniuliza kama najua mtoto mwingine mwenye shida kama hii, kwa sababu yeye hupenda kuwaona wote kwanza, halafu anachukua anayehitaji zaidi.

Nilijua anayehitaji zaidi. Kibet alikuwa na ile "mma" yake. Nafula hakuwa hata na hiyo.

"Ni wangu tu," nikamwambia.

Hiyo pengine mngenisamehe, mseme ni uchungu wa mama. Lakini Mama Nafula aliporudi kutoka matanga, kichwa kimenyolewa, hata hajaweka mzigo chini, aliniuliza walisemaje. Nikamwambia mwalimu amesema Nafula amepita umri. Sijui hilo neno lilitoka wapi. Alimvuta mtoto karibu, akasema, "Sawa. Angalau mmoja wetu amepata." Halafu akaniambia nisihangaike na shifti yangu ya mchana, Kibet akitoka nasari atakaa kwake.

Na ndivyo imekuwa. Mume wangu humleta na baiskeli saa sita, Mama Nafula anampokea, anamlisha, anamfulia akichafuka. Sentensi ya kwanza Kibet alimwambia yeye, si mimi. "Nataka uji." Mama Nafula alinisubiri kwa geti la ploti nitoke kazini aniambie, anacheka na machozi yanatoka.

Siku hizi Kibet anaongea. Herufi ya r bado inamsumbua, lakini anaimba, anabishana, anasengenya kuku. Jioni Mama Nafula huleta binti yake kwangu. Amenunua kioo kidogo sokoni. Anawakalisha wote wawili mbele ya hicho kioo na kumwambia Kibet amfundishe dadake vile mwalimu humfundisha. Kibet anafunga midomo, anasema ma, ma. Nafula anamwangalia sana, anafungua mdomo, hakuna kitu kinatoka. Mimi niko hapo nakata sukuma wiki, siwezi kuinua macho, naye akiondoka ananishukuru kwamba angalau Nafula anajifunza kwa Kibet.

Wiki iliyopita mwalimu aliniita. Mtoto mmoja anaingia darasa la kwanza mwakani, huko shule ya msingi wanakopewa maziwa ya bure, kwa hivyo nafasi itapatikana. Akaniuliza tena kama nimesikia mtoto yeyote. Anachukua mpaka miaka sita. Nafula atafikisha sita mwaka ujao. Nilimwambia nitaulizia.

Naweza kumdanganya Mama Nafula tena, nimwambie wamebadilisha sheria. Ataniamini. Atanishukuru tena, na hiyo ndiyo siwezi kubeba. Lakini pia akikaa na mwalimu hata dakika chache, wote wawili watajua nilichosema. Mume wangu hajui lolote. Na nikisema ukweli, mwanangu atapoteza mama wa pili, nami rafiki pekee niliye naye katika mji huu. Nikinyamaza, msichana yule atakua bila neno, na mimi ndiye nitakuwa nimemfunga ulimi.

Akina mama mnaosoma, mngekuwa nyinyi ndio Mama Nafula, mngetaka kuambiwa? Nimpeleke mtoto kwanza halafu niseme, ama niseme kwanza hata kama atanifungia mlango? Yeye hajui kusoma, lakini bwana yake humsomea ukurasa huu kila Jumapili baada ya kanisa. Pengine mkiyaona haya naye ameshayasikia. Niambieni basi, nimngoje aje, ama niende mimi kwake?