Nyoka wa Kadii hashikwi shingo

Saa mbili asubuhi, Kadii Ziro amechutama kando ya mchanga wa kuchezea wa shule moja ya chekechea, Junju. Amevaa mabuti, ana koleo na ndoo yenye kifuniko. Watoto ishirini na sita wamebandika nyuso kwenye dirisha la darasa. Leo ni siku ya tatu hawajatoka nje.

"Mwenye uwanja asema nyoka asipopatikana leo, kesho anamwaga saruji hapa," anasema Mwalimu Purity. "Watoto watacheza wapi, dada?"

"Tulia, mwalimu. Huyo naye anawaogopa hao watoto wako."

Mvua ya juzi ilimtoa ardhini nyoka mweusi, mwembamba, mfupi kuliko mkono. Kadii, mkulima wa mihogo mwenye miaka arobaini na mmoja, ndiye majirani humwita kukamata nyoka. Anajua wanaofanana hivyo ni wawili. Mmoja ni kipofu, hula mayai ya mchwa, hadhuru mtu. Wa pili huwinda mijusi na panya wachanga mashimoni, na meno yake ya sumu hutokea pembeni mdomo ukiwa umefungwa.

Hilo alifunzwa na kidole chake. Miaka sita iliyopita, akivuna mihogo, alimshika mmoja shingoni, kama anavyowashika nyoka wengine.

"Nikajisifu nimemweza," anasema, akionyesha kidole cha shahada kilichopinda. "Kumbe huyu hana haja ya kugeuka ndipo akuchome."

Alilazwa siku kumi na moja. Miezi minne hakushika jembe.

"Mume wangu akaniambia, sasa utaacha. Nikamwambia, sasa ndiyo nimejua."

Chini ya bembea, koleo linafukua mchanga mbichi. Nyoka anatokea, anakunja shingo, anaelekeza pua chini. Kadii anarudi hatua moja.

"Ndiye, yule wa meno ya pembeni. Mtazame fundi huyo. Ainamisha kichwa, wewe wadhani ana haya."

Anamsukuma ndooni kwa koleo, anafunga. Atamwachilia kichakani, mbali na nyumba.

Purity tayari yuko kwenye simu na mwenye uwanja. "Mzee, hiyo saruji tujengee choo."

Kadii anataka kuzifikia chekechea zote za Junju kabla ya mvua za vuli, na somo lake ni moja tu. Analianzia hapa. Mlango unafunguliwa, watoto wanaizunguka ndoo kwa mbali.

"Nyoka tunamtazama kwa kitu gani?"

"Macho."

"Na mikono?"

Mikono hamsini na miwili inajificha mgongoni.