Yoga ya goti la binti yangu, sebuleni, mbele ya mama mkwe

Wakuu, poleni na mihangaiko ya leo.

Hii siyo chai. Imetokea sebuleni kwangu hapa Kariakoo, na mashahidi wote bado naishi nao. Mwenye haraka apite, maana nitaandika taratibu.

Mimi nauza vyombo vya plastiki. Duka lipo chini, sisi tunaishi ghorofa ya nne, na lifti iliharibika kabla hatujahamia. Nina binti mmoja, Rehema, ana miaka kumi na minne. Mwaka jana alirefuka ghafla mpaka sketi za shule zikawa aibu. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni netiboli, yupo timu ya shule.

Goti la kulia likaanza kumuuma. Chini yake pakatokeza uvimbe mgumu, na kwenye ngazi unamwona anavuta mguu.

Sasa hapa nyumbani tunaishi na mama mkwe. Mtu wa Kilwa, na kazi yake tangu ujana ni kuchua. Wamama waliojifungua, mafundi walioteguka, wabeba mizigo wa Mchikichini, wote wanapanda ngazi zile kumfuata. Kwa hiyo hakuna aliyewaza hospitali.

Kila baada ya magharibi Rehema ananyoosha mguu, bibi anachua na mafuta ya nazi yenye karafuu. Anaubonyeza ule uvimbe kwa kidole gumba ili "urudi".

Baada ya muda Rehema akasema amepona. Bibi akaacha, sote tukafurahi. Haikuchukua muda akarudi kutoka mazoezini ameshikiliwa na wenzake, mguu haukanyagi.

Hapo ndipo nikampeleka hospitali. Daktari akaeleza kwamba hali hiyo inawapata watoto wanaokua haraka huku wanaruka na kukimbia sana. Misuli ya paja imekaza, inavuta mfupa pale chini ya goti. Apumzike kuruka, anyooshe misuli taratibu, na kwenye uvimbe pasibonyezwe. Akasema hata yoga nyepesi ya nyumbani inaweza kusaidia.

Akauliza nani alikuwa anapabonyeza. Rehema akatazama sakafu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Baba, nilikuwa naumia. Nilisema nimepona ili aache. Usimwambie bibi, yeye ndiye kanichua tangu nimezaliwa."

Wakuu, iliniuma sana. Mtoto amecheza na goti bovu kwa kumwonea bibi yake haya.

Nikamwomba mke wangu aongee na mama yake. Akakataa katakata. Mama kachua nusu ya Kariakoo, yeye ni nani wa kumwambia mikono yake inaumiza? Na mimi ndiyo kabisa. Mama mkwe huyu nampa shikamoo nikiwa nimesimama mlangoni, nikisikia anakohoa tu navaa shati.

Tukakubaliana kusema nusu. Tukamwambia bibi kwamba daktari kaagiza mazoezi, saa ile ile aliyokuwa akichuliwa. Bibi akasema sawa, akaichukua chupa yake ya mafuta, akaifungia kabatini.

Nikatafuta video kwenye simu, nikatandika mkeka. Rehema akaona aibu kufanya peke yake, akasema atafanya nikifanya na mimi. Mimi na kitambi hiki.

Unalala chali, unapitisha khanga kwenye unyayo, unainua mguu, unavuta khanga polepole huku unahema. Kisha unalala ubavu na kuvuta kisigino nyuma mpaka paja la mbele linyooke kidogo. Halafu unarudi chali, unakunja magoti na kuinua kiuno. Mikao yote ya kupiga magoti tuliiruka, na ukisikia maumivu unaacha, hakuna ubishi.

Shida ilikuwa sebule. Ni hiyo hiyo moja, na nusu imejaa mabeseni ya dukani. Jioni ya kwanza nimeinua kiuno, namwona mama mkwe ananyanyuka kwenye kochi, kajifunika khanga usoni, anaingia chumbani. Mke wangu alinisema mpaka nikakosa hamu ya kula.

Toka hapo tukitandika mkeka tu, bibi anaingia chumbani na pazia linashushwa. Mimi nikachukulia ni heshima ya ukwe.

Maumivu ya Rehema yakawa yanapungua. Haukuwa muujiza, kuna jioni zilikuwa mbaya, ila akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Bibi naye akawa haongei. Wateja wakija anasema mikono imechoka.

Siku moja nikamshika Rehema mguu vibaya, akacheka, akaita, "Bibi, njoo unishike wewe, baba hajui."

Nyuma ya pazia tukasikia, "Mikono yangu si inakuumiza, mke mwenzangu?"

Mke wangu alikuwa kasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

Bibi akatoka. Akasema Rehema alipodai amepona yeye aliamini kabisa. Ila tulipoleta habari za mazoezi sote tunaangalia chini, akaelewa.

"Nachua watu wanapiga kelele," akamwambia Rehema. "Wewe hukupiga hata kelele. Ningejuaje? Ungesema tu inauma, ningeacha siku ile ile."

Rehema akalia, akamwomba radhi. Bibi akakaa mkekani, akauliza asiguse wapi. Rehema akauchukua mkono wake, akamwonyesha uvimbe, kisha akauweka juu ya paja. Mimi nikashuka zangu dukani, pale palikuwa si pangu tena.

Sasa hivi bibi ndiye anayemshikia mguu. Rehema amerudi uwanjani, anarusha mpira bila kuruka, na daktari kasema aongeze kidogo kidogo.

Nilichojifunza, wakuu: yoga imesaidia, sikatai, lakini mpelekeni mtoto hospitali kwanza, mimi si daktari. Kilichotuchelewesha ni sisi wakubwa. Tulimfundisha mtoto heshima, tukasahau kumfundisha kwamba kusema "naumia" siyo utovu wa adabu.

Bibi ameanza tena kupokea wateja. Ila siku hizi kabla hajapaka mafuta anamwambia mtu, "Ukiumia sema, usinionee haya."

Karibuni mseme. Kwenu mtoto akikwambia amepona, unajuaje kwamba amepona kweli?